Mto Tana Haukuwa Mtupu

Kila baada ya miezi michache mtu mwenye digrii mbili hutuandikia kwamba Henry Rider Haggard ndiye baba wa fantasia ya Afrika. Sentensi ya pili nayo huwa iko tayari: alikuwa na kasoro zake, sawa, ila alikuwa mtu wa wakati wake, na sisi vijana tunaotaka kuandika majini, falme zilizopotea na safari za angani tunatembea kwenye njia aliyoifyeka yeye. Nimechoka na sentensi zote mbili. Ya kwanza ni uongo na ya pili ni uvivu.

Na sisemi kwa kusikia. Nimemsoma jamaa. Vitabu vyake havina tena hakimiliki, unavipata bure, na mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo ana wakati wa kutosha na bando la usiku. King Solomon's Mines nimeisoma mara tatu, She mara mbili. Allan Quatermain, ambayo ndiyo inanikera zaidi kwa sababu inapita kwetu, sijui mara ngapi. Hata When the World Shook ya mwaka 1919 niliimaliza, ile ambayo mzee wa kale anaamka kutoka usingizi wa miaka 250,000 na kutaka kuvuruga mzunguko wa dunia nzima. Wacha nimpe haki yake: ana mkono. Anakuingiza safarini kabla hujakaa vizuri kitini.

Tuanze na maisha yake, maana humo ndimo ilimo siri ya kazi yake.

Alizaliwa Norfolk, Uingereza, tarehe 22 Juni 1856, mtoto wa nane kati ya kumi. Baadhi ya kaka zake walipelekwa shule za maana. Yeye baba yake alimwona kichwa kizito, akampeleka shule ya kawaida pale Ipswich. Akafeli mtihani wa kuingia jeshini. Akapelekwa London kujiandaa kwa mtihani wa Wizara ya Mambo ya Nje, na huo hata hakuufanya. Mpaka hapo mimi na yeye ni ndugu wa tumbo moja. Tunaachana mwaka 1875. Mimi nilipoacha chuo, baba yangu alinipa mahubiri na nauli ya matatu. Yeye baba yake alimpa Afrika.

Sitanii. Alitafutiwa nafasi, isiyo na mshahara, kwa Sir Henry Bulwer aliyekuwa gavana wa Natal. Kijana wa miaka 19 aliyefeli kwao akashuka melini huku akiwa mkubwa wa watu. Aprili 1877 alikuwa Pretoria na msafara wa Theophilus Shepstone uliotangaza kwamba Transvaal sasa ni mali ya Uingereza, na tarehe 24 Mei, siku ya kuzaliwa ya Malkia Victoria, alikuwa miongoni mwa walioipandisha bendera. Hakuwa amefikisha miaka 21. Mwaka uliofuata akafanywa msajili wa Mahakama Kuu ya huko. Kisha akajaribu kufuga mbuni.

Ninaposoma kwamba Haggard alikuwa na "kipaji cha kuzaliwa cha kuota mabara", huwa naukumbuka mwaka 1877. Mwenzetu hakuanza kwa kuota bara. Alianza kwa kulipandishia bendera, halafu akarudi kwao kuliota.

Kitabu chake cha kwanza, cha mwaka 1882, kilihusu mfalme Cetshwayo wa Wazulu na siasa za Natal. Alilipa pauni 50 kutoka mfukoni kichapishwe. Riwaya mbili za 1884 zilipita kimya kimya. Inasimuliwa kwamba siku moja aliisifia vibaya Treasure Island ya Stevenson, ndugu yake akamwambia haya basi, andika wewe kitu hata nusu ya hicho, wakawekeana dau. Aliandika King Solomon's Mines kwa wiki sita hivi. Kampuni ya Cassell ikampa chaguo: pauni 100 taslimu na haki zote ziwe zao, au asilimia 10 ya mauzo. Alikuwa tayari kuzichukua zile mia. Karani aliyekuwa mle ofisini akamshauri faraghani achukue asilimia. Wenzangu mnaoandika kwa kujitegemea, mnaolipwa kwa ahadi ya "kujulikana", rudini msome hapo tena. Kilipotoka Septemba 1885, London ilibandikwa mabango ya kukitangaza kuwa kitabu cha ajabu kuliko vyote vilivyowahi kuandikwa, na mwaka wa kwanza kikauza nakala 31,000. Yule karani alistahili kujengewa sanamu.

Mwaka 1887 peke yake zilitoka She, Jess na Allan Quatermain. She nayo aliiandika kwa wiki sita na ushee. Uwakili aliousomea akauacha. Na baada ya hapo, nasema hivi nikijua mashabiki watanirukia, ni takriban miaka 38 ya kuupasha moto wali ule ule. Quatermain anakufa mwishoni mwa kitabu cha 1887, halafu Haggard anarudi nyuma na kumtembeza upya kitabu baada ya kitabu, hadi Allan and the Ice Gods kilichotoka 1927, miaka miwili baada ya mwandishi mwenyewe kuzikwa. Ayesha, malkia wa She, alirudishwa mara tatu. Katikati ya hayo Haggard akawa mtaalamu wa kilimo, mjumbe wa tume za serikali, na mwaka 1912 akapewa cheo cha Sir. Hayo ya mashamba ya Uingereza tuwaachie wenyewe.

Sasa twende Lamu.

Katika Allan Quatermain, Waingereza watatu, Quatermain, Sir Henry Curtis na Kapteni Good, wanafika Lamu wakitaka kuingia ndani, kuupita Mlima Kenya, kutafuta taifa la watu weupe linalosemekana liko huko. Haggard mwenyewe alipoiandika riwaya hii alikuwa hajatia mguu Afrika Mashariki. Afrika yake ilikuwa Natal na Transvaal. Ya kwetu aliitoa kwa kiasi kikubwa kwenye Through Masai Land, kitabu cha Joseph Thomson kilichotoka 1885. Ndiye Thomson yule ambaye jina lake lilibandikwa maporomoko ya Nyahururu kana kwamba maji yalikuwa yakimsubiri yeye ndipo yaanguke. Deni hilo Haggard hakulificha, amelikiri kwenye riwaya yenyewe, kwa hiyo simwiti mwizi. Na kuhusu Lamu hakukosa wa kumpa habari: kaka yake, Jack Haggard, alikuwa naibu konsuli wa Uingereza mjini humo miaka hiyo hiyo ya 1880. Mmoja anaiwakilisha dola barazani, mwingine anaiuza dukani. Familia nzima ilikuwa kazini.

Lamu ya riwaya ni nini? Ni uvundo. Msimuliaji anasema wazi kwamba kinachomkaa akilini kuhusu mji huo ni uchafu na harufu. Anauelezea ufuo ulio chini ya nyumba ya konsuli kama tope la kutupia taka, na humo, anasema, wanawake huja kufukia nazi mpaka kumbi zioze, kisha wakazifukua na kutumia nyuzi zake kutengenezea mikeka na vitu vingine. Wageni wanashindwa hata kulala kwa ile harufu.

Simama hapo kidogo. Mtu wa Pwani akisoma ukurasa huo anaona nini? Anaona kazi. Kumbi zinafukiwa kwenye tope la maji ya chumvi ili zilainike, zinafukuliwa, zinapondwa, nyuzi zinatolewa, kamba zinasokotwa. Bila kamba hakuna jahazi, na bila jahazi hakuna Lamu. Haggard ameuona ufundi wote huo hatua kwa hatua, ameueleza hata kwa usahihi, na alichokipata ni pua kuuma. Mimi naona hapo ndipo penye Haggard mzima. Macho anayo, tena makali. Kinachomshinda ni kuamini kwamba alichokiona kilibuniwa na mtu mwenye akili.

Na mji wenyewe? Wakati huo Lamu ilikuwa na nyumba za mawe za ghorofa, milango ya nakshi, misikiti, maktaba za watu binafsi zenye hati za mkono. Alikuwapo Muhamadi Kijumwa, kijana wa Lamu aliyezaliwa miaka ya 1850 kama Haggard, mshairi, mchonga milango, mwandishi wa hati nzuri ambaye baadaye wataalamu wa Ulaya walipanga foleni kumwomba awanakilie tendi. Marika wawili. Mmoja yuko Norfolk anaandika kwamba Lamu inanuka. Mwingine yuko Lamu, anachonga.

Kutoka hapo wasafiri wa Haggard wanaingia Mto Tana kwa mitumbwi na kupiga kasia kuelekea juu. Riwaya inauchukulia mto huo kama ukumbi mtupu wa kupitia ukielekea kwenye maajabu. Maajabu yako mbele, baada ya Mlima Kenya, baada ya Laikipia, baada ya mto unaopita chini ya ardhi wenye nguzo ya moto: huko kuna Zu-Vendis, nchi ya watu weupe, wenye majumba ya marumaru, malkia wawili mapacha na hekalu la jua.

Lakini mdomo wa Tana ndio nchi ya Fumo Liyongo! Ozi, Shaka, Kipini, huko huko. Pwani walikuwa wakimsimulia na kumwimba kwa karne nyingi kabla Haggard hajafeli mtihani wake wa kwanza. Jitu la mtu, mpiga upinde, mshairi. Mfalme wa Pate anamwogopa, anamfunga. Mama yake anamtumia mkate wa makapi ambao walinzi wanaudharau, na ndani yake mna tupa. Ngoma inapigwa nje, makelele ya upatu na matari yanaifunika sauti ya chuma kikikatwa, na mfungwa anatoka. Hakuna silaha inayomwingia isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na siri hiyo wanaijua watu wawili tu, yeye na mamake, mpaka mwanawe anaposhawishiwa kwa ahadi ya cheo na mke kuja kuiuliza. Akichomwa, Liyongo anatoka akiwa na upinde wake, anapiga goti kisimani, anavuta mshale, na anakufa katika hali hiyo. Siku kadhaa mji unakosa maji kwa sababu hakuna anayethubutu kumkaribia maiti aliyeshika upinde.

Niambie, profesa, hiyo ni nini? Kama hiyo si fantasia, basi na ya wale mapacha wa marumaru tusiiite fantasia. Mitumbwi ya Quatermain ilipita hapo hapo, na ndani yake hakuna aliyeuliza mwenyeji swali hata moja.

Sasa nitaje ninachokiita, kwa kukosa jina bora, sheria ya Haggard. Katika vitabu vyake Mwafrika anaruhusiwa kupigana, na anapigana vizuri kuliko mtu yeyote. Anaruhusiwa kutabiri, kulaani, kuimba na kufa kifo kitakachomliza msomaji. Kitu kimoja haruhusiwi: kujenga. Barabara kuu ya King Solomon's Mines na zile sanamu kubwa tatu ni kazi ya wageni wa kale, na msimuliaji anawafikiria Wafoinike. Mji wa Kôr katika She ulijengwa na taifa lililokwisha toweka. Watu weusi walio hai wanalala makaburini mwake kama popo, na anayewatawala ni Ayesha, Mwarabu mweupe wa miaka 2,000. Katika Elissa ya mwaka 1900 Wafoinike wenyewe wanaletwa kusini mwa Afrika kwa majina yao, kwenye mji uliochorwa kwa kuyatazama magofu ya Zimbabwe Kuu. Vitabu vitatu, bara moja, na hakuna jiwe ambalo limewekwa juu ya lingine na mkono mweusi.

Watetezi wake wakifika hapa huinua mikono yote miwili. Vipi kuhusu Umslopogaas, yule Mzulu wa shoka, anayekufa akilinda ngazi za Milosis? Vipi kuhusu Nada the Lily ya 1892, riwaya ambayo karibu wahusika wake wote ni Waafrika, iliyotoka wakati hakuna Mwingereza mwingine aliyejaribu hivyo? Nakubali, Nada ni kitabu chake ninachokiheshimu kuliko vyote, na kama ungeniambia nisome kimoja tu, ningechukua hicho. Ila kifungue uone kinahusu nini. Kinahusu ufalme wa Shaka na damu yake, kinasimuliwa na mzee kipofu miaka mingi baadaye. Haggard anawapenda Wazulu kwa mapenzi ya kweli pale wanapokuwa wamekwisha. Mapenzi ya aina hiyo hata mimi nayajua, wako watu wanaokipenda Kiswahili namna hiyo, makumbusho na kila kitu.

Halafu kuna lile la "mtu wa wakati wake". Wakati upi? Haggard alipokuwa Natal, Askofu Colenso alikuwa Natal hiyo hiyo, akiwatetea hadharani Langalibalele na Cetshwayo na kuchukiwa na walowezi wenzake kwa hilo. Olive Schreiner alichapisha The Story of an African Farm mwaka 1883, na mwaka 1897 akaandika riwaya nzima ya kumshtaki Cecil Rhodes na watu wake kwa waliyoyafanya Mashona. Huo wote ni wakati wa Haggard. Watu walikuwa wanachagua.

Na la kuudhi zaidi ni kwamba mwenyewe alijua. Mwisho wa King Solomon's Mines, mfalme Ignosi anatangaza kwamba hatapokea tena wazungu nchini mwake, wala wafanyabiashara na bunduki zao na pombe yao. Mwisho wa Allan Quatermain, Sir Henry Curtis, ambaye sasa ni mfalme wa Zu-Vendis, anaamua kuifunga nchi yake mpya ili wageni wasije wakaiharibu. Mara mbili mfululizo Haggard anamaliza kitabu kwa kufunga mlango. Nani angejua vizuri zaidi kinachoingia kupitia mlango huo kuliko mtu aliyeshika kamba ya bendera Pretoria? Ignosi angalau ni Mwafrika anayejilindia kwao. Curtis ni Mwingereza aliyepewa nchi juu ya Mlima Kenya, kisha akapewa na haki ya kuwafukuza Waingereza. Mlima wenyewe halisi haukupata bahati hiyo. Novemba 1886 Uingereza na Ujerumani walikuwa tayari wamegawana mstari huku, Witu ikiwa chini ya Wajerumani tangu 1885, na 1888, mwaka mmoja tu baada ya riwaya kutoka, kampuni ya Imperial British East Africa ikapewa hati ya kifalme.

Yote haya yangekuwa ugomvi wa kale kama si mwaka 1929.

Mwaka 1929 ilitoka Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya Kiswahili iliyofanywa na Frederick Johnson, afisa wa elimu wa Tanganyika. Mwaka uliofuata iliundwa Kamati ya Lugha ya kusanifisha Kiswahili cha Afrika Mashariki, na katibu wake wa kwanza ni nani? Johnson huyo huyo. Hadithi ya Allan Quatermain nayo ikafuata kwa Kiswahili miaka ya 1930. Kwa hiyo mtoto wa shule wa Pwani au wa bara alipokabidhiwa kitabu cha hadithi ndefu katika Kiswahili kilichosanifiwa, kimojawapo cha vya kwanza kabisa kilikuwa cha Haggard. Alijifunza sarufi na sheria ya Haggard kwa pamoja. Tena katika lugha ambayo tayari ilikuwa na Liyongo, na ambayo wenye hati za tendi wakati huo walikuwa hai. Kijumwa alikufa 1945. Kamati haikuhitaji kusafiri mbali.

Na angalia kejeli ya kalenda. Mwaka huo huo wa 1929 mwanaakiolojia Gertrude Caton-Thompson alikuwa Zimbabwe Kuu anachimba, na alichokikuta kilithibitisha alichosema David Randall-MacIver tangu 1905: magofu yale ni kazi ya Waafrika. Mwingereza mmoja anafukua ukweli, na mwingine anatutafsiria uongo uliokwisha kupitwa na wakati, mwaka mmoja.

Mtaniuliza inanihusu nini mimi, kijana wa sasa. Inanihusu hivi. Mwaka jana nilituma hadithi kwa mhariri mmoja wa hapa Nairobi. Hadithi ya Kiswahili, ya Tana ya miaka mia moja ijayo, mto umekauka juu, maji yamebaki kwenye kisima kimoja na kuna mtu amepiga goti hapo na hakuna anayejua kama amekufa. Mhariri alinijibu kwa adabu, siwezi kulalamika. Lugha nzuri, alisema, ila fantasia ni kitu cha kizungu, haina mizizi kwetu, wasomaji wetu wanataka maisha halisi: njaa, ufisadi, ndoa. Akanishauri nimsome Haggard nione "jinsi inavyofanywa".

Manze, nilikaa chini.

Mhariri huyo si mbaya. Amerudia tu alichofundishwa na aliyefundishwa na aliyepewa kitabu mwaka 1929. Sheria ya Haggard ilihusu mawe: nyinyi hamkujenga, walijenga wengine. Imezeeka kidogo, imehamia kwenye hadithi: nyinyi hamkubuni, walibuni wengine, nyinyi kazi yenu ni kushuhudia shida. Ni ile ile. Mwafrika wa Haggard alikuwa hodari wa kufa, na mwandishi wa leo anatakiwa awe hodari wa kusimulia vifo.

Na uongo huu unahitaji usahaulifu mwingi kweli ili usimame. Shaaban Robert alitoa Kusadikika mwaka 1951, nchi iliyoko angani, na tumeisoma shuleni vizazi na vizazi tukiambiwa ni "istiara" tu, kana kwamba kuiita kwa jina la heshima kunaifuta ile nchi pale juu. Katama Mkangi, mtu wa Pwani yetu hii, alitoa Walenisi mwaka 1995: Dzombo anahukumiwa kifo, anatiwa kwenye chombo kinachorushwa angani, na badala ya kufa anatua kwenye ulimwengu mwingine. Chombo cha angani, kwa Kiswahili, Kenya, zaidi ya miaka 30 imepita. Uliza vijana kumi wanaotaka kuandika bunilizi za kisayansi wangapi wamemsikia Mkangi na wangapi wamemsikia Wells. Ngũgĩ wa Thiong'o ameandika jinsi alivyosomeshwa Haggard akiwa mtoto, na jinsi usomaji wa namna hiyo ulivyomvuta mbali na kwake. Yeye alilitambua na akalisema wazi. Sisi bado tunaambiwa tushukuru.

Kuna wenzangu wanaotaka Haggard aondolewe kabisa kwenye maktaba. Sina haja hiyo. Ukimwondoa, utaondoa ushahidi. Nataka ule ukurasa wa makumbi usomwe darasani, tena kwa sauti, na mama mmoja wa Lamu anayejua kusokota kamba akae mbele aulizwe mwandishi amekosea wapi. Ninachokataa ni neno baba. Baba humkuta mama nyumbani, hana haja ya kusema nyumba ilikuwa haina mtu.

Utendi wa Fumo Liyongo tulio nao leo uliandikwa na Kijumwa mwaka 1913, kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu, miaka 26 baada ya Quatermain kupita Tana bila kuuliza. Hakuna bango lililobandikwa London. Nimeuweka mezani karibu na kompyuta, nakala ya kupiga chapa iliyochakaa, na hadithi yangu nimeirefusha badala ya kuipunguza. Yule mtu wa kisimani sasa ana mama, na mama ana mkate. Wiki jana nimeituma kwa mhariri mwingine.